Miaka Minne na Nge wa Magando Mekundu

Nilikulia Morogoro, mahali ambapo nge akionekana ukutani dawa yake ilikuwa kandambili, kwa hiyo ndugu zangu hawakuamini niliposema kwamba hapa Leicester, Uingereza, ninamfuga mmoja chumbani, tena wa kununua. Aina yake ni Pandinoides cavimanus, nge mkubwa mweusi mwenye magando yanayoelekea wekundu, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Nimeishi naye miaka minne, na karibu kila kosa nililomfanyia lilitokana na mikono yangu kutotulia.

Kabla ya kununua, tazama magando na mkia. Nge mwenye magando manene na mkia mwembamba kwa kawaida hutegemea nguvu za magando kuua windo, na sumu yake huwa hafifu. Mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa zaidi. Wengi wa hao hatari ni wa familia ya Buthidae, ambayo sheria ya Uingereza ya mwaka 1976 kuhusu wanyama hatari inamtaka mfugaji wake awe na kibali. Hata hivyo hiyo ni dalili tu, hivyo usije ukaokota nge uani kwako ukamfuga kwa kuyaamini magando yake. Wangu naye huchoma, na mtu mwenye mzio anaweza kuishia hospitalini kwa mchomo ambao mwingine angeulinganisha na wa nyuki. Muulize muuzaji pia alikozaliwa mnyama, kwa kuwa Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na mimi nisingependa kulipia aliyetoroshwa.

Makao yake ni tangi la kioo lenye mfuniko wa kufungwa, ndani yake mkiwa na udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 15 hivi, kwa sababu nge huyu ni mchimbaji na bila shimo hana raha. Juu nimeweka gome la mti na kisahani cha maji. Joto la nyuzi 25 hadi 28 linamtosha. Hapa ndipo nilipokosea kwanza: mkeka wa umeme wa kutoa joto niliuweka chini ya tangi, nikasahau kwamba nge akiona joto limezidi huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi, na huko chini ndiko nilikokuwa nimemwekea moto. Siku hizi mkeka uko ubavuni, umefunika sehemu tu ya kioo, na una kidhibiti joto. Maji huyamwagia pembeni ili yalowanishe udongo wa chini, nao wa juu nauacha ukauke, la sivyo ukungu na utitiri huingia.

Chakula ni nyenje mmoja au wawili kwa juma. Alipokuwa bado mchanga aligoma kula kwa majuma matatu, nami kwa huruma nikamtumbukizia nyenje watatu na kwenda kulala. Kumbe alikuwa anajiandaa kujivua gamba. Asubuhi nilimkuta ametoka ndani ya gamba la zamani, amepauka na laini, na nyenje wamemtafuna mguu. Hadi leo anatembea kwa miguu saba. Akigoma, ondoa chakula, hakikisha unyevu upo, kisha subiri. Usiku unaweza kumtazama kwa taa ya urujuanimno (UV), ambayo humfanya ang'ae kijani, lakini kwa muda mfupi, na ujue kwamba gamba jipya haling'ai mpaka likomae.

Kumshika kwa mkono niliacha mwaka wa kwanza, kwa maana yeye hafaidiki na lolote, na akianguka kutoka kimo cha meza anaweza kupasuka. Nikisafisha, humwelekeza ndani ya bakuli kwa kibanio kirefu.

Ukinunua jike aliyekomaa, huenda ameshabeba mimba, ambayo huchukua miezi mingi. Nge hazai mayai. Siku moja utamkuta na watoto weupe wamejazana mgongoni. Funika tangi kwa kitambaa na usimsumbue, kwani akihangaika anaweza kuwala. Wakishajivua gamba la kwanza watashuka wenyewe, na hapo ndipo uanze kutafuta vyombo vya kuwatenganisha.