Je, kumficha bosi anayeiba dawa ni kumsitiri Muislamu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mtunza stoo katika kituo cha afya cha serikali. Mkubwa wangu hutoa dawa usiku zikauzwe dukani, asubuhi naambiwa nisaini leja kuwa zimetumika. Nimeshasaini mara mbili. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, na tunasali safu moja. Nikimripoti, si nitakuwa nimemsengenya? Na tumeamrishwa kumsitiri Muislamu.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, hadithi ya kusitiri ni sahihi, ameipokea Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Abu Hurayra, lakini hapa si mahali pake. Imam Nawawi alipoisherehesha alieleza kuwa anayesitiriwa ni mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, aliyeteleza na jambo likapita. Maasi ambayo mtu bado yumo ndani yake hukatazwa papo hapo, na asiyeweza kuyazuia huyafikisha kwa mwenye mamlaka, maadamu hilo halileti madhara makubwa zaidi. Kisha akawataja waliokabidhiwa sadaka, wakfu na mali za mayatima, akasema hao si halali kuwasitiri pakiwa na haja ya kuwafichua. Dawa za umma ni amana ya namna hiyo hiyo. Yule mama anayekuja na mtoto mwenye homa akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje, yeye nani amsitiri?

Kusengenya nako kuna mipaka yake. Wanachuoni wameruhusu kumtaja mtu kwa anayeweza kuondoa uovu, wala si kijiweni, wala kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Sema ulichokiona kwa macho na kilichopita mikononi mwako: tarehe, aina ya dawa, idadi. Unayoyadhania tu yaache, maana Qur'ani (49:12) imetukataza dhana na kupelelezana.

Ukiona atasikia, mnasihi kwanza mkiwa wawili. Ukihofia ataficha ushahidi au atakudhuru, hulazimiki kuanzia hapo. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, kwa anayetoa taarifa kwa nia njema katika mamlaka husika. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa namba 113.

Ama fadhila yake kwako, mlipe kutoka mfukoni mwako, usimlipe kwa dawa za wagonjwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa (4:135).

Linalonitia huzuni zaidi ni zile saini mbili. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa tuliyempa kazi akatuficha sindano au zaidi ya hapo, hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama (Muslim). Aliposikia hayo, mtu mmoja katika Ansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina, alisimama akaomba arudishe kazi aliyopewa. Toba yako ni kuacha, kujuta, kuazimia usirudie, na kutengeneza ulichoharibu: ukitoa taarifa, anza na saini zako mwenyewe.

Najua una familia inayokula kwa kazi hiyo. Ukihofia kwa kweli kudhurika, Mola haikalifishi nafsi ila uwezo wake, na unaruhusiwa kusubiri upate njia ya salama. Kusaini ni jambo jingine. Hata kesho asubuhi akikuletea leja, usisaini.

Wallahu a'lam.