Kabla hujachoma sindano ya kurudisha hamu ya tendo, soma hapa kwanza

Wadada, wengi mnaniuliza hili inbox kimyakimya, leo naliweka wazi. Sindano ya kurudisha hamu ya tendo la ndoa ipo kweli, inaitwa bremelanotide, jina la dukani Vyleesi, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipitisha Juni 2019, na mi naishi huku Minnesota nimeitumia kwa kuandikiwa na daktari.

Imepitishwa kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, hamu alikuwa nayo zamani ikapotea na inamuumiza roho. Na isiwe imepotea kwa sababu ya ugonjwa, dawa nyingine au ugomvi wa ndani. Hapo ndo tunapopapita haraka, na mi nawaomba mpakalie. Dawa nyingi za sonona zinapunguza hamu, kunyonyesha nako kunapunguza, sasa weka juu yake shifti za usiku na watoto wanaoamka alfajiri, mtu anajiona ana kasoro kumbe kachoka tu. Na kama wewe na mume hamsemeshani tangu mwezi uliopita, hakuna sindano ya kuwapatanisha.

Hii dawa haifanyi kazi kama ile ya wanaume inayopeleka damu kule chini, yenyewe inaamsha vipokezi vya melanokotini kwenye ubongo, yaani sehemu zinazopokea ishara za homoni za kundi hilo. Asili yake ni utafiti wa dawa za kuifanya ngozi iwe kama imepigwa na jua, ndo maana ukiitumia mara nyingi inaweza kukuachia madoa meusi usoni, kwenye fizi na kwenye matiti, na sisi wenye ngozi nyeusi ndo tupo hatarini zaidi. Kuna waliobaki nayo hata baada ya kuacha dawa. Hili msikubali lipitwe kliniki, muulize daktari.

Matumizi yenyewe si magumu, ni kalamu ya sindano yenye miligramu 1.75, unachoma tumboni au pajani angalau dakika 45 kabla ya tendo, isizidi moja ndani ya saa 24 na wala isizidi 8 kwa mwezi. Shida ni kichefuchefu. Kwenye majaribio watu kama 40 katika kila 100 walikipata, hasa sindano ya kwanza, na mi kilinikamata vizuri tu, nimekaa ukingoni mwa kitanda nguo nzuri nimevaa, uso unawaka moto, mume ananishikia beseni huku ananipepea na kanga. Kwa hiyo ile ya kwanza chomeni siku ambayo hamna mpango wowote, muone mwili unasemaje. Presha nayo inapanda kwa muda halafu inashuka ndani ya saa 12, so mwenye presha isiyotulia au ugonjwa wa moyo asiiguse kabisa, na ukihisi una mimba acha.

Inasaidia? Kwangu ilisaidia kiasi, kuna usiku nilijikuta namuwaza mume wangu kabla hajanigusa, na hilo nilikuwa nimelisahau. Ila kwenye majaribio ni kama wanawake 25 katika 100 waliopanda hamu kwa kiasi cha kuonekana, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa 17, na idadi ya matendo ya kuridhisha haikutofautiana. Wiki 8 zikipita huoni kitu, unaacha.

Kinachonitisha sana ni vile vichupa vya unga vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la PT-141, jina la maabara la dawa hii hii, unajichanganyia maji mwenyewe jikoni, vingi vimeandikwa kabisa ni vya utafiti tu. Hujui ndani kuna nini wala kipimo chake. Nakuomba sana mdogo wangu usijichome hivyo, uwe Dar, Nairobi au huku.

Wewe pima presha, andika kwenye karatasi dawa zote unazotumia mpaka za uzazi wa mpango na za kuacha pombe, maana naltrexone ya kumeza haiendani na hii sindano, kisha mwambie daktari bila aibu hamu ilianza kupotea lini na wakati huo nyumbani kulikuwaje.