Mshauri wa kazi umtafute karibu

Dada, umeuliza: unamaliza masomo ya afya ya jamii hapa Bukavu, unataka kazi itakayosaidia watu kweli, lakini huna wa kukuongoza. Najua watakaokuambia, "Nenda kwa Daktari Mukwege." Aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupata Nobeli mwaka 2018 anahitajika dunia nzima. Hilo liache kwanza.

Anayekufaa amekutangulia miaka mitano au kumi tu, njia aliyopita bado anaikumbuka. Wako Kadutu, Ibanda na Bagira, katika ofisi za zoni za afya, na nadhani wachache sana huulizwa lolote. Anza na muuguzi mkuu wa kituo ulichofanyia staji.

Ila usimwambie "naomba uwe mshauri wangu". Mtu anashtuka, anaona ametwikwa mzigo. Omba nusu saa, uende na swali moja la kazi: dawa zikiisha kabla ya oda mpya kufika, nani anaamua, na wewe ungeingilia wapi? Andika anachosema. Baadaye mrudishie ulichofanya kutokana na jibu lake. Hapo ndipo wengi wanapotea, hawarudi.

Anayedai pesa "akuingize" kazini, au anayetaka mkutane usiku hotelini, mkimbie.

Mtandaoni kuna 80,000 Hours, shirika la Uingereza linaloshauri watu kuhusu kazi zenye faida kwa wengine: ushauri wao ni bure, ila ni kwa Kiingereza na hawamkubali kila mwombaji. Jaribu, lakini kituo kwanza.