Maswali ya Wajenzi: Jivu la Makapi Kwenye Zege

Assalaam alaykum fundi. Nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga hapa kwetu pana rundo la makapi, yanachomwa kila siku. Nimesikia jivu lake linapunguza saruji. Nichote? (Mjenzi, Wete)

Waalaykum salaam. Ngoja kwanza. Mimi nilichota. Nilitia jivu la rundoni, jeusi kama wino wa pweza, moja kwa moja kwenye mchanganyiko. Lilikunywa maji hata chepe likawa halipiti; tukaongeza maji, na bloki zilipobebwa, pembe zilibaki mikononi mwa vijana. Weusi ule ni kaboni isiyoungua, na ndiyo inayofyonza maji.

Kinachotakiwa ndani ya jivu ni silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Saruji ikikutana na maji huacha chokaa humo ndani, chokaa isiyoongeza nguvu ya maana. Silika huila na kutoa gundi ya aina ileile inayoshika kokoto. Lakini moto ukizidi nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu, silika hugeuka fuwele na haili tena kitu. Basi choma kwa moto wa wastani mpaka weusi uondoke, kisha jivu lisagwe liwe laini kama poda.

Anza na kilo 1 ya jivu kwa kilo 9 za saruji. Fyatua bloki chache za jivu na chache za saruji tupu, zimwagilie wiki mbili, uzivunje siku ya 28. Kabla ya hapo jivu litakudanganya, maana hukaza polepole. Nguzo na slabu usiziguse mpaka maabara ikupe majibu.

Piga na hesabu: kilo 100 za mpunga hutoa makapi kama kilo 20, na makapi hayo jivu kilo 4 tu.

Mfuko wangu umeandikwa CEM II/B. Nao niutie jivu? (Fundi, Chake Chake)

Usitie. Alama hiyo maana yake kiwandani wameshapunguza klinka, ile mawe ya tanuri yanayosagwa kuwa saruji, na kuweka vitu vingine, asilimia 21 hadi 35. Ukipunguza tena utakuwa unakata kanzu iliyokwisha kukatwa. Jivu lijaribu kwenye CEM I, saruji ambayo karibu yote ni klinka.

Chupa za mahoteli je? Tunazo tele. (Nungwi)

Kioo nacho ni silika, ila kisagwe kiwe unga chini ya milimita 0.075, kazi ya kinu cha mipira ya chuma, si ya nyundo. Vipande vikubwa huweza kupambana na alkali ya saruji, vikavimba, na zege likapasuka miaka baadaye. Na vumbi lake usilivute.

Kombe za pwani? (Mkoani)

Mbichi ni kijazio tu, hata ukizisaga. Ukizichoma unapata chokaa, ndugu yake ile ya matumbawe iliyojenga Mji Mkongwe. Nzuri kwa lipu, si kwa slabu.

Na jivu la mafigani? (Mama wa Makunduchi)

Hilo peleka kwenye migomba, mama.