Kabla Boti Haijaondoka Kibirizi: Ushauri kwa Wenye Kampuni za Utalii

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikipeleka wageni Gombe na Mahale, hifadhi za sokwe zilizo kando ya Ziwa Tanganyika, kwa njia ya maji, kwanza kwa boti ya mbao niliyoikodi kwa siku, na baadaye kwa boti mbili zangu mwenyewe. Vijana wanaofungua kampuni hapa Kigoma huja kuniuliza wafanye nini ili biashara yao isiharibu kile kile kinachowaletea wageni, na wengi wao hutarajia niwaambie habari za kupanda miti, kuchora jani la kijani kwenye nembo au kusimamisha kibao cha kuhimiza usafi ufukweni. Mimi huwaomba kwanza wanioneshe karatasi yao ya bei na masharti wanayompa mgeni kabla hajalipa. Karibu kila uharibifu niliowahi kuusababisha ulianzia mezani kwangu wakati wa kupiga hesabu, kwa sababu mwongozaji aliyefika porini na mgeni aliyekwisha kulipa hana nguvu ya kumkatalia jambo ambalo ofisi haikumkataza.

Nitaeleza namna nilivyojifunza hilo, ingawa si habari ninayojivunia. Niliwahi kupokea wageni wanne, mmoja wao akiwa na mafua aliyoyapata Dar es Salaam. Alfajiri ya safari mwongozaji wangu alinipigia simu kutoka ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, ambako boti huondokea. "Kaka, huyu mgeni anapiga chafya tangu tumetoka hotelini. Nifanyeje?" Nikamjibu, bila hata kukaa kitandani vizuri, "Mpe barakoa, nendeni." Sikuwa nikifikiria sokwe. Nilikuwa nikifikiria petroli iliyokwisha nunuliwa, ada zilizokwisha lipwa na chakula kilichokwisha pikwa. Walipofika Gombe, askari wa hifadhi alimsikia akikohoa na akamzuia, na mgeni yule akashinda ufukweni akitazama nyani wakipita huku wenzake wako mlimani. Jioni alidai fedha zake zote, na kwa kweli alikuwa na haki, kwa maana hakuna mstari hata mmoja niliokuwa nimeandika wa kumtahadharisha kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Nilimrudishia nusu kwa shingo upande, kisha kwa wiki kadhaa nikamlalamikia askari yule kila nilipopata msikilizaji. Ilinichukua muda kukubali kwamba katika siku ile nzima ni yeye peke yake aliyefanya kazi yake.

Kwa msomaji asiyelijua jambo hili, sokwe ni ndugu wa karibu mno wa binadamu, na ukaribu huo ndio uliomfanya mtafiti Jane Goodall afike Gombe mwezi Julai 1960 kuwachunguza. Ukaribu huo huo ndio unaowafanya wapokee magonjwa yetu. Mwaka 1966 Gombe ilikumbwa na ugonjwa wa kupooza uliowaua sokwe kadhaa na kuwaacha wengine wakiwa vilema, na kumbukumbu za watafiti zinaonesha kwamba miongoni mwa magonjwa yanayowaua sokwe wa pale, yale ya njia ya hewa ndiyo yanayoongoza. Mahale nako mwaka 2006 kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa wa kifua ulioua. Sokwe wa Gombe wote kwa jumla ni takriban mia moja tu. Mafua ambayo mimi na wewe tunayatibu kwa chai ya tangawizi yanaweza kuondoka na familia nzima kati yao.

Basi leo masharti yangu yanasema wazi, tena kwenye ukurasa wa kwanza, kwamba mgeni mwenye mafua, kikohozi, homa au kuhara hapandi mlimani. Tunamuuliza siku tatu kabla ya safari na tunamuuliza tena usiku wa kuamkia siku yenyewe. Akiwa mgonjwa, anaweza kusogezewa siku kwa kulipia gharama ya boti peke yake, au tunampeleka Ujiji aone mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, jambo ambalo halimdhuru mtu yeyote. Gharama ya mabadiliko hayo nimeigawa kidogo kidogo katika bei ya kila mgeni, kama bima. Ila sharti lililobadilisha mambo kuliko yote halimhusu mgeni hata kidogo: mwongozaji hulipwa posho yake kamili hata safari ikiahirishwa. Ukimlipa kwa safari iliyofanyika tu, umemwambia kwa lugha nyingine asikusikilizishe kikohozi cha mgeni.

Bahashishi nayo ina tatizo la namna hiyo hiyo. Kanuni ni kukaa mbali na sokwe kwa mita zisizopungua kumi na kuwatazama kwa muda usiozidi saa moja, lakini mgeni mwenye kamera humzawadia zaidi yule aliyemsogeza hadi mita tano, na kijana mwenye watoto watatu nyumbani anazijua hesabu hizo vizuri kuliko mimi. Nilipandisha posho ya siku, nikaweka kisanduku kimoja cha bahashishi ambacho nahodha, mpishi na waongozaji wanagawana sawa mwisho wa mwezi, na nikaacha kuwahubiria. Malalamiko kutoka hifadhini yalipungua bila semina yoyote.

Sasa nije kwenye ziwa lenyewe. Tanganyika ina urefu wa kilometa zipatazo 673 na kina kinachofikia mita 1,470, na maji yake yote yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, ambao hupunguza kidogo sana ukilinganisha na wingi uliomo. Maana yake kwa mwenye boti ni kwamba chochote anachokidondosha leo atakikuta kesho, na wajukuu wake watakikuta pia. Injini nyingi za boti zinazokwenda vijiji vya ziwani ni zile ambazo oili huchanganywa na petroli ndani ya dumu kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Mafundi wanazipenda kwa kuwa ni nyepesi, vipuri vyake vinapatikana sokoni, na mtu anaweza kuifungua juu ya mchanga na kuifunga tena kabla ya adhuhuri. Kasoro yake ni kwamba hutema sehemu ya mafuta kabla hayajaungua, kiasi ambacho kwa injini kuukuu za kabureta kinaweza kufikia robo, na bomba lake la moshi linatazama ndani ya maji. Injini za kisasa zenye oili inayokaa mahali pake zinatema kidogo sana na zinakunywa mafuta machache, ila bei yake inamfanya mtu akae chini kwanza.

Wakati unakusanya fedha za injini mpya, yapo mambo mawili yanayoweza kufanyika kesho asubuhi. La kwanza ni mwendo. Siku moja nilimwambia nahodha wangu, mtu mzima aliyeanza kuvua dagaa kabla sijazaliwa, "Mzee, leo twende taratibu." Akaniuliza, "Na wageni wakinuna?" Nikamwambia wameshaelezwa tangu jana kwamba safari itachukua muda mrefu kidogo na kwamba watakunywa kahawa njiani. Aliitikia kwa kichwa, akalegeza, pua ya boti ikashuka, na tuliporudi tulipima dumu kwa kijiti tukakuta mafuta yaliyobaki ni mengi kuliko kawaida. Ratiba zinazobana, hasa zile zinazotumwa na mawakala wa mbali wanaotaka mgeni ashuke kwenye ndege saa nne na kufika Gombe saa sita, ndizo zinazochoma petroli. Nahodha anazifuata tu.

La pili ni yale maji yanayotuama chini ya sakafu ya boti. Yanachanganyika na oili inayodondoka kutoka kwenye injini na madumu, na kijana wa boti huyakumba kwa kopo na kuyarusha ziwani bila kuwaza. Yatazame siku jua likiwaka: yanatanda juu ya ziwa kwa rangi za upinde wa mvua, na vidagaa vinavyoelea karibu na gati vinapita katikati yake. Sisi tunaweka matambara ya pamba chini ya injini na pembeni ya madumu, tunayakamua kwenye ndoo yenye kifuniko, na maji hukumbwa baada ya hapo. Oili chakavu hupelekwa gereji. Kazi hii inachukua dakika kumi na tano, na nimeiandika kwenye orodha ya kazi za boti kwa sababu isipoandikwa haifanyiki.

Kuhusu plastiki nitakuwa mfupi. Niliwahi kuhesabu chupa tupu baada ya safari ya wageni sita kwa siku mbili, nikapata arobaini na nane, ambazo hifadhini hazina pa kwenda na ambazo zilipaswa kurudi nasi mjini. Sasa kila mgeni anapewa chupa ya bati kwa dhamana, tunabeba maji ya kunywa kwenye madumu ya lita ishirini, na chakula kinakwenda kwenye vyombo vyenye mifuniko badala ya vifungashio vya kutupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mgeni anayefungasha mizigo yake Ulaya hawezi kulijua hilo usipomwandikia mapema.

Kuna uharibifu mwingine ambao hauonekani kuwa uharibifu, na mimi mwenyewe niliushiriki kwa miaka. Wageni wanaoogelea na kupiga mbizi kwenye miamba huokota makombe ya konokono, kwa kuwa ni mazuri na yamelala tu mchangani, yakiwa matupu. Nilikuwa nawaruhusu, hata nilikuwa nawachagulia. Kisha mgeni mmoja aliyekuwa mtaalamu wa samaki alinishika mkono, tukaingia majini na miwani, akanionesha kombe dogo kuliko yai la kuku. Tulikaa kimya juu yake. Baada ya muda kichwa cha samaki mdogo kikachomoza, kikatutazama, kikarudi ndani. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na miongoni mwao wapo wanaotaga na kulea ndani ya makombe yaliyoachwa. Konzi moja ya makombe kwenye begi la mgeni ni kijiji kilichohamishwa. Tangu siku hiyo jambo hili linasemwa kwenye boti kabla mtu hajavua viatu, na huwa wageni wanalipenda kuliko maelezo yangu yote mengine.

Nimesema mwanzo kwamba vijana wanapenda habari za miti. Siipingi miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vilivyoizunguka Gombe vilikuwa vimebaki uchi, na TACARE, mradi wa kurudisha misitu pamoja na wanavijiji ulioanza mwaka 1994, ulifanikiwa kwa sababu uliwauliza wanavijiji wanahitaji nini kabla ya kuwaletea miche. Kampuni ndogo inayompiga picha mgeni akipanda mche mwezi Julai, katikati ya kiangazi, na isirudi kumwagilia, imetengeneza picha tu. Fedha hizo zifanye kazi nyingine: nunua kuhe na migebuka kwa wavuvi wa Mwamgongo au Mtanga, nunua kahawa ya Kalinzi, nunua mawese na ndizi sokoni, pikia gesi badala ya mkaa, na lipia huduma hizo kwa bei isiyomwonea mtu. Kijiji kinachouza chakula kwa wageni wa sokwe kina sababu ya kumwuliza mwenye shoka anakwenda wapi. Wakati serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, wenzangu waliokuwa na mazoea ya kununua vyakula vya vijijini waliweza kubadilisha orodha ya vyakula bila taabu, kwa kuwa tayari walikuwa wakifahamiana na wenye mashamba.

Lipo pia suala la usafiri wa kufika huku, ambalo tunalikwepa kwa sababu linatugusa pabaya. Mgeni anayevuka mabara kwa ndege ili amtazame sokwe kwa saa moja na kurudi kesho yake ametumia mafuta mengi kuliko boti zangu kwa muda mrefu, na hakuna tambara la pamba litakalofuta hilo. Siwezi kumzuia asipande ndege. Ninachoweza ni kuacha kuuza safari ya siku moja, na nimeiacha. Safari fupi kuliko zote ninazouza sasa ni ya siku tatu, nikiwa nimepanga bei ili siku ya nne imgharimu kidogo, na kwa mgeni mwenye nafasi ninamwekea treni ya reli ya kati, iliyofika Kigoma tangu mwaka 1914, kwa upande mmoja wa safari. Ninamweleza bila kuficha kwamba treni huchelewa.

Uamuzi huo ulinigharimu. Mawakala wawili waliokuwa wakinitumia wageni wa siku moja walihamia kwa mwingine, na msimu wa kwanza nilipaki boti moja ufukweni kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Msimu uliofuata idadi ya wageni haikurudi ilivyokuwa, lakini kila mmoja alikaa zaidi, na hesabu ya mwisho wa mwaka ilikaribia ile ya zamani huku petroli ikiwa pungufu. Boti yangu ya kwanza ina injini mpya. Ya pili bado ina ile ya kuchanganya oili kwenye dumu, na mgeni akiniuliza ninamwambia hivyo hivyo, kisha ninamwonesha mstari kwenye risiti yake wenye kiasi kinachowekwa akiba ya kuibadilisha.