Majahazi ya Mezani, Bahari ya Turubai: Maswali Yenu na Majibu

Toleo hili tumeyakusanya maswali ya wasomaji wa Nairobi wanaounda vyombo vidogo vya baharini na wanaochora bahari. Mengi yanalalamikia jambo moja: chombo kinatoka na umbo zuri, lakini ukikitazama huamini kwamba kinaweza kwenda na maji. Ndiyo maana katika majibu yetu upepo umetajwa karibu mara nyingi kama gundi.

Hamjambo wataalamu. Naunda jahazi la Lamu la urefu wa sentimita 60. Mbao za ubavuni nilizilowesha ndipo zikakubali kupinda, nikazigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Wiki mbili baadaye nyufa zimejitokeza kati ya ubao na ubao, na mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, umekwenda upande. Nimekosea wapi? (Msomaji, Umoja)

Hatujambo, ndugu yetu. Makosa ni mawili, na kila moja lina dalili yake.

Nyufa zimetokana na kugandisha mbao zikiwa bado na maji. Mti ukinywa maji hutanuka kwa upana. Kwa urefu hauongezeki kitu cha kuonekana. Ulizipanga zikiwa zimevimba, zikabanana vizuri, kisha zikakauka na kurudi upana wake. Na hewa ya Nairobi hukausha upesi, hasa Januari na Februari. Dawa ni kuutenga upindaji na ugandishaji. Lowesha ubao kwenye maji ya moto kwa nusu saa, uvute taratibu juu ya ukingo wa pasi yenye moto hadi ushike mkunjo, kisha ubane kwenye mataruma (miti ya kiunzi inayobeba mbao za ubavuni) kwa vibanio vya nguo bila gundi yoyote. Uache ulale hapo usiku mzima. Kesho yake utoe, uhakikishe ni mkavu, ndipo upake gundi.

Mkuku umepinda kwa sababu ulimaliza ubavu mmoja kabla ya kugusa wa pili. Gundi ikikauka huvuta. Weka ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, hivyo hivyo mpaka juu, na mkuku uwe umefungwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka muda wote wa kazi.

Hapa pana jambo ambalo hukuuliza, ila tunaamini litakukuta: mbao kujazana kwenye omo, yaani mbele ya chombo. Ubavu wa chombo ni mpana katikati na mwembamba mbele. Chukua utepe wa karatasi, upime taruma la katikati kutoka mkuku hadi juu. Tuseme umepata milimita 120. Kwa mbao za upana wa milimita 6 unahitaji mbao 20 kila ubavu. Sasa pima omoni. Tuseme ni milimita 80. Gawanya kwa 20, unapata 4. Basi kila ubao uuchonge kutoka milimita 6 katikati hadi 4 mbele. Ukiona hesabu inakupeleka chini ya nusu ya upana wa ubao, usichonge zaidi. Punguza idadi ya mbao upande huo, kwa sababu ncha nyembamba kama sindano hupasuka ukiipiga msasa.

Unene wa milimita 1.5 unatosha. Saiprasi au mgrivea hufaa, na mabaki yake hupatikana kwa mafundi wa Gikomba na wale wa fanicha wa Ngong Road. Mti wa Gikomba mara nyingi ni mbichi, kwa hiyo ukishaupasua vipande vyembamba uviache ndani ya nyumba wiki moja au mbili. Kabla ya kupinda, inua kila kipande kwenye mwanga uangalie nyuzi zake. Zikikimbilia ukingoni badala ya kufuata urefu, kipande hicho kitavunjika hapo hapo zinapotokea. Kitumie kwa kazi nyingine.

Nyufa ulizo nazo sasa zinaokoleka. Zile nyembamba zijaze kwa unga wa msasa wa mti ule ule uliochanganywa na gundi. Zinazozidi milimita moja zichomekee kijiti kilichochongwa, kwani unga ukiwa mwingi hubaki na rangi tofauti hata ukipaka mafuta.

Jahazi langu limefika kwenye matanga. Nimeweka mlingoti wima na kamba za kushikilia pande zote mbili, pamoja na vingazi vya kamba vya kupandia. Mzee mmoja wa Kizingitini, Lamu, aliyekuja kututembelea amelitazama akatikisa kichwa. Tatizo ni nini? (Msomaji, South C)

Mzee wako yuko sahihi kabisa. Ulichofunga ni kamba za meli ya Kizungu.

Mlingoti wa jahazi huinamia omo. Pima mwinamo huo kwenye picha iliyopigwa ubavuni, usiukisie. Hauna vingazi vya kamba. Baharia huupanda kwa mikono na miguu. Kamba zinazoushikilia nazo hazikufungwa moja kwa moja: hukazwa upande wa joshi, kule upepo unakotoka, na chombo kikigeuka huhamishwa. Zile za upande wa demani, kule upepo unakoelekea, hulegea au huondolewa. Kwa hiyo kabla hujafunga hata uzi mmoja, amua upepo unatoka upande gani wa meza yako. Uamuzi huo ndio utakaokuambia kamba zikazwe wapi, tanga litune upande upi na bendera ielekee wapi.

Henza, kamba ya kupandishia foromali (mti mrefu unaobeba tanga), hupita juu ya mlingoti na kushuka kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo. Haipandishi tu, huuvuta mlingoti nyuma usiangukie mbele kwa uzito wa tanga. Wengi huifunga chini ya mlingoti kwa kuwa ni rahisi, na mtu anayejua vyombo huliona kosa hilo kabla ya mengine yote.

Foromali yenyewe hukaribia urefu wa chombo, na kwa kawaida si mti mmoja. Ni miti miwili au zaidi iliyopishanishwa ikafungwa kamba. Kwa mfano wako wa sentimita 60, chonga vijiti viwili vinavyopungua unene kuelekea ncha, vipishane sentimita 12 hivi, uvifunge kwa uzi mahali patano au sita. Ncha ya chini ikae mbele, ya juu ielekee nyuma, na foromali pamoja na tanga vikae upande wa demani wa mlingoti.

Kuhusu tanga, merikani ni nzito mno kwa kipimo hiki. Litaonekana kama gunia. Hankachifu ya pamba iliyochakaa, iliyofuliwa mara nyingi, ni bora kuliko kitambaa chochote kipya cha Biashara Street. Piga mishono kwa penseli au kwa cherehani, sambamba na ukingo wa nyuma. Ukichukulia kitambaa halisi cha upana wa sentimita 75 na kipimo cha 1:25, mshono mmoja uwe kila milimita 30. Ili tanga lipate tumbo, changanya gundi nyeupe sehemu moja na maji sehemu tatu, lowesha tanga, ulilaze juu ya mto uliofungwa kwa nailoni hadi likauke. Likikauka bapa, halikupata gundi ya kutosha; likikauka linang'aa, lilipata nyingi.

Kamba: ile ya unene wa milimita 25 kwenye jahazi huwa uzi wa milimita 1 kwako. Pitisha kila uzi kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili tatu ulaze manyoya. Tunashauri uzi wa poliesta kuliko wa pamba. Pamba hufupika ikipata unyevu na kulegea ikikauka. Jahazi lililofungwa kamba katika mvua za Aprili litakuwa limelegea ifikapo Februari.

Rangi ni fupi kueleza. Chini ya mstari wa maji, jahazi hupakwa deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama, kwa hiyo weka nyeupe iliyofifia, isiyong'aa. Juu yake ni mti uliopakwa mafuta. Mafuta ya kitani yaliyopunguzwa kwa tapentaini yanatosha. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianike vikiwa vimetandazwa nje, au vitie kwenye maji.

Mwanangu wa darasa la saba anataka kuunda mtepe kwa mradi wa shule. Sijui pa kuanzia. (Mama, Buruburu)

Amechagua vizuri, mama. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, mbao zake zikishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Kwa mtoto, atumie kadibodi ngumu ya milimita 1.5 badala ya mbao. Atoboe matundu ya milimita 1 kila baada ya milimita 8, yakiwa milimita 4 kutoka ukingoni, na matundu ya ubao mmoja yatazamane na ya mwenzake. Matundu yatobolewe kabla ya kukunja. Akitoboa baadaye kadibodi itabonyea. Juu ya kiungo alaze uzi mnene, kisha ashone kwa uzi wa kahawia uliopakwa nta akipita juu yake. Akimaliza azibe matundu kwa ncha za vijiti vya meno na tone la gundi, jinsi mafundi walivyoziba kwa vigingi vya mti. Tanga alisuke kwa miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, iliyochanwa nyembamba. Mlingoti uwe wima, na asiuwekee foromali ya mshazari ya jahazi. Mkipata nafasi ya kufika pwani, Makumbusho ya Lamu yana mifano ya vyombo ya kutazama kwa karibu.

Nachora bahari kwa akriliki. Kila nikimaliza, maji yanaonekana kama ukuta wa buluu na majahazi kama yamening'inizwa hewani. Tena rangi inakauka kabla sijachanganya anga. (Msomaji, Kayole)

Tuanze na upeo wa macho, maana hapo ndipo ukuta unapojengwa. Uchore kwa rula, ulale sawasawa kabisa. Kisha kumbuka kwamba upeo uko daima kwenye kimo cha macho ya mtazamaji. Ukisimama ufukweni usawa wa maji, macho yako yako mita 1.6 hivi juu ya bahari, basi mstari wa upeo utalikata kila jahazi kwenye kimo hicho hicho, lililo karibu na lililo mbali. Ukilichora la karibu mstari ukipita kwenye kilele cha mlingoti, na la mbali mstari ukipita chini ya mkuku, umemweka mtazamaji juu ya mnara na ndani ya maji kwa wakati mmoja. Jahazi la mbali litaruka, hata ulichore kwa ustadi gani.

Pili, mawimbi. Yakaribie kadiri yanavyokwenda mbali. Kwenye turubai ya sentimita 40 kwa 50, nafasi kati ya mawimbi ianze na sentimita 4 chini kabisa, ifuate 2.5, 1.5, milimita 8, na karibu na upeo usichore wimbi, weka rangi tu.

Tatu, rangi yenyewe si moja. Maji ya miguuni unayatazama kwa juu, unaona mchanga na mwamba: kijani hafifu, kahawia. Ya mbali unayatazama kwa mshazari, yanarudisha anga. Buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa hutoa kijivu kizuri cha maji ya kusi, msimu wa upepo wa kusini. Nyeupe na kijani kidogo huyaleta maji ya mchanga. Buluu ya thalo ina nguvu sana, tone dogo hula rangi zote, na nadhani ndiyo iliyokupa ule ukuta.

Nne, mahali chombo kinapokutana na maji. Weka mstari wa giza uliokatikakatika chini ya ubavu, povu dogo omoni, na kivuli-maji (taswira ya chombo majini) kilichovutwa kwenda chini. Kitu cheusi hujirudisha majini kikiwa cheupe kidogo kuliko kilivyo. Tanga jeupe hujirudisha likiwa jeusi kidogo. Siku ya upepo mkali usichore kioo. Weka mikwaruzo ya rangi ya tanga tu.

Na tafadhali angalia bendera. Chombo kinachokwenda na upepo wa nyuma, bendera yake hupepea kuelekea mbele. Wachoraji wengi huichora ikirudi nyuma, kana kwamba jahazi ni gari.

Kukauka: chora anga kwa vipande, ukinyunyiza maji kwa chupa ya dawa ya mimea. Rangi iweke kwenye sinia yenye tishu zilizoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea. Maji kwenye rangi yasizidi thuluthi moja, maana gundi ya akriliki hudhoofika na rangi huweza kubanduka. Ukitumia hadibodi badala ya turubai, paka rangi ya msingi pande zote mbili, la sivyo itajikunja.

Mjomba ameniletea meli ya plastiki ya kuunganisha, kipimo cha 1:350. Rangi inabanduka na utepe ninaobandika kuziba sehemu zisizopakwa. (Msomaji, Lang'ata)

Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kalibu. Osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke, upake rangi ya msingi, kisha rangi mbili tatu nyembamba. Utepe usikae zaidi ya siku moja. Madirisha yashike kwa gundi nyeupe. Mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu.

Je, kabati la kioo lizibwe kabisa ili vumbi lisiingie? (Msomaji, Ngara)

Hapana. Acha nafasi ya milimita 2 chini, upande wa nyuma, hewa ipite. Mbao na gundi hutoa mvuke wa asidi unaojikusanya ndani, na metali ya risasi ndiyo huumia kwanza: nanga iliyotengenezwa kwa chubwi za kuvulia hugeuka unga mweupe. Nanga ya jahazi ina makucha manne. Pinda waya wa shaba wa milimita 1.5, ufunge makucha kwa waya mwembamba, uunguze kidogo kwenye moto iwe nyeusi, nayo haitaliwa na mvuke huo kama risasi.