Mswidi alifuata nini Msumbiji?

SWALI: Shikamoo Babu Vitabu. Kwenye vitabu vya mtumba hapa Mtwara nimepata riwaya ya Henning Mankell, ya Kiingereza. Nyuma wameandika ni Mswidi, anaishi Uswidi na Msumbiji. Wadogo zangu wanasema mchapaji kakosea. Ni kweli?
— Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mchapaji hana kosa. Tangu 1986, ungevuka Ruvuma ukashuka hadi Maputo, ungemkuta kwenye ukumbi wa Teatro Avenida akiongoza michezo ya kuigiza, na vita vya wenyewe kwa wenyewe bado vinaendelea. Mwenyewe alipenda kusema mguu wake mmoja uko kwenye theluji, mwingine mchangani.

Alizaliwa Stockholm 1948. Mama yake aliondoka yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na baba, hakimu wa mji wa Sveg. Nyumba yao ilikuwa juu ya mahakama. (Mtoto analala, chini yake kesi za watu!) Akiwa na miaka 16 aliacha shule akawa baharia. Riwaya ya kwanza aliitoa 1973.

Umaarufu ulimjia baadaye. Mwaka 1989 alirudi kwao kutoka Afrika akashtuka: chuki dhidi ya wageni imeshamiri. Ubaguzi ni jinai, akasema, basi hadithi yake inataka polisi. Akafungua kitabu cha simu, akachukua jina: Wallander. Katika kitabu cha kwanza, cha 1991, mkulima mzee na mkewe wanauawa karibu na Ystad, mji wa huko Uswidi, na tetesi kwamba wauaji ni wageni zinawageukia wakimbizi. Ndiyo maana mtu akiniambia Mankell ni wa kusoma kwenye basi tu, namnunia.

Ila mimi namheshimu zaidi kwa Sofia. Huyu ni binti wa kweli wa Msumbiji aliyekanyaga bomu la ardhini. Dada yake akafa, yeye akapoteza miguu yote miwili. Yeye na Mankell wakawa marafiki, na Mankell akaandika vitabu vya watoto kuhusu maisha yake. Uganda nako alikwenda kukaa na wazazi waliokuwa wakifa kwa ukimwi, wanaandika vitabu vya kumbukumbu ili watoto wao waje kujua walizaliwa na nani.

Saratani ilimchukua Gothenburg tarehe 5 Oktoba 2015, akiwa na miaka 67.

Hicho chako kikiwa cha Wallander, wasomee wadogo zako sura ya kwanza. Lakini wawe wameshakula.